Protini ya mwani wetu (kotoni na spinosum): fenoli, TCA na asetoni, au Tris yenye SDS?

Mtoto_wa_Jambiani

Habari za kazi wakuu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Unguja, na kazi yangu ni juu ya mwani unaolimwa kwetu: kotoni (Kappaphycus alvarezii) na spinosum (Eucheuma denticulatum). Nataka kulinganisha protini za mwani mzima na za mwani ulioshikwa na ais-ais, ule ugonjwa wa matawi kuwa meupe na kukatika. Wa pwani ya mashariki hamhitaji kuelezwa. Kilimo kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kotoni ndiyo yenye bei, na kotoni ndiyo inayokufa maji yakipata moto. Mama yangu siku hizi analima spinosum peke yake, na majirani zake vilevile. Ndiyo maana nimeichagua kazi hii, na nataka itoke sawasawa.

Mpango ni kutoa protini, kuipitisha kwenye jeli inayozitenganisha kwa ukubwa (SDS-PAGE), kisha sampuli ziende nje kwenye spektrometa ya masi, mashine inayozitambua kwa uzito. Msimamizi wangu amenitajia njia tatu nizilinganishe: (1) TCA (asidi ya trikloroasetiki) na asetoni, (2) fenoli, (3) bafa ya Tris yenye SDS (sabuni kali ya kuyeyusha protini) asilimia 2, kwa kuchemsha.

Nimeanza na ya tatu kwa sababu vifaa vyake vyote vipo. Nilisaga mwani mkavu, nikatia bafa, nikachemsha dakika kumi, nikazungusha kwenye sentrifuji. Kotoni ilipopoa iliganda kabisa, tyubu unaipindua na hakuna kinachomwagika, na juu yake kuna chembe nyeupe zinazong'aa. Spinosum haikuganda hivyo, ila pipeti inavuta uzi mrefu wa ute. Kwenye jeli ya protini hakuna mistari, kuna ukungu tu kutoka juu hadi chini. Na kipimo cha protini cha Bradford kinanipa usomaji mkubwa hata kwa bafa tupu isiyo na mwani.

Maswali yangu: kwa mwani wa aina hii njia ipi inafaa? Na je, kuna haja ya kulinganisha zote tatu au nichague moja nisonge mbele? Nitrojeni ya kimiminika hatuna.

Mkemia_Tanga

Kama unachotaka ni kujua mwani una protini asilimia ngapi, acha yote hayo. Pima nitrojeni kwa Kjeldahl, zidisha kwa 6.25, umemaliza. Njia zote za kutoa protini zinaacha nyingine ndani.

FundiMaabara

Mdogo wangu wa Jambiani, karibu. Mwani nimeushughulikia maabara miaka mingi, hasa huu wetu mwekundu, na swali lako nalipenda, kwa hiyo nitakaa nalo.

Nianze na hiyo tyubu isiyomwagika. Ulichokipata humo ndicho kotoni inachonunuliwa kwa ajili yake. Ukuta wa seli zake umejaa karajinani, ile sukari ndefu inayogandisha vitu, na viwandani karajinani hutolewa kwa kuchemsha. Sasa na wewe umechemsha. Ya kotoni ni aina ya kapa, inaganda ngumu ikikutana na potasiamu. Ya spinosum ni aina ya aiota, hiyo na kalsiamu inafanya jeli laini yenye kuvutika. Chumvi zote hizo mwani umezibeba mwenyewe, huna haja ya kuziongeza. Ukizungusha mchanganyiko huo kwenye sentrifuji hata kwa kasi gani, protini iliyonaswa humo haitoki.

Zile chembe nyeupe ndizo ninazotaka uziangalie kwa makini, kwa sababu nimeona watu wakiziandika kwenye daftari kuwa ni protini iliyoganda. Chukua kotoni iliyoanikwa vizuri uisugue kwa kidole: inaacha unga mweupe. Wakulima wanauita chumvi, na sehemu yake kubwa ni kloridi ya potasiamu. Potasiamu ikikutana na SDS inazaa chumvi isiyoyeyuka, hasa kwenye baridi. Kila chembe unayoiona ni SDS iliyojitoa kwenye bafa yako, kwa hiyo ile asilimia 2 uliyoiandika haipo tena. Jaribu hivi: chukua chembe kidogo, tia kwenye bafa mpya, pasha moto mpaka zipotee, kisha weka tyubu kwenye barafu. Zitarudi mbele ya macho yako. Protini iliyochemshwa haifanyi hivyo.

Bradford nayo inaeleweka. SDS ikizidi takribani asilimia 0.1 inakamatana na ile rangi ya buluu, ndiyo maana bafa tupu inasoma. Namba zote ulizopata kwa Bradford katika bafa hiyo zifute.

Sasa uchaguzi. Kwa jeli na spektrometa ya masi, kwenye mwani wenye karajinani, mimi natumia fenoli na sioni mshindani wake. Sababu ni nyepesi: ukitikisa unga wa mwani kwenye fenoli na bafa yenye pH 8, protini zinaingia kwenye fenoli, na karajinani, chumvi na sehemu kubwa ya asidi za nyukilia zinabaki kwenye maji. Ule ute unaokutesa unabaki upande wa pili wa mpaka.

TCA na asetoni siitupi, ila haitoshi peke yake hapa. Kazi yake nzuri ni kuzima papo hapo vimeng'enya vinavyokata protini na kuondoa klorofili na mafuta. Lakini karajinani haiyeyuki kwenye asetoni, inabaki palepale ndani ya unga. Siku utakapotia bafa yenye maji, ute unakurudia. Kwa hiyo njia yako ya kwanza na ya pili zisimamishe kwa kufuatana: osha kwa TCA na asetoni kwanza, kisha ingia kwenye fenoli.

Mwendo ninaoutumia mimi ni huu. Gramu 0.1 ya unga laini kabisa kwenye tyubu ya mililita 2. Osha kwa TCA asilimia 10 ndani ya asetoni baridi, zungusha, mwaga ya juu. Kisha methanoli asilimia 80 yenye amonia aseteti ya 0.1 M, hiyo inaondoa TCA, na kwa kuwa ina maji kidogo inapunguza na chumvi. Kisha asetoni asilimia 80. Acha asetoni iishe kwa hewa. Hapo tia fenoli iliyosawazishwa kwa Tris, pH 8, na kiasi sawa cha bafa ya sukrosi asilimia 30, SDS asilimia 2, Tris 0.1 M na merkaptoethanoli asilimia 5. Tikisa dakika tano hivi, zungusha. Chukua fenoli, uijaze methanoli yenye amonia aseteti ya 0.1 M mara tano ya ujazo wake, ilaze kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri hadi asubuhi. Asubuhi utaona mashapo meupe chini. Yaoshe kwa methanoli, halafu kwa asetoni asilimia 80.

Kuna mahali viwili watu wanapoteza sampuli nzima.

Cha kwanza ni tabaka. Vitabu vinasema fenoli ni nzito kuliko maji, itakuwa chini. Kweli, lakini wewe umetia sukrosi asilimia 30, maji yamekuwa mazito kuliko fenoli, na fenoli imepanda juu. Unayoitaka ni ya juu. Kama fenoli yako ina haidroksikwinolini utaiona ni ya njano, hapo hakuna ubishi. Kama haina, usimwage tabaka lolote mpaka mashapo yameonekana.

Cha pili ni potasiamu tena. Ukitafuta mapishi ya fenoli, mengi yametokana na yale ya Hurkman na Tanaka ya mwaka 1986, na bafa yao ina kloridi ya potasiamu 0.1 M. Kwa viazi na shayiri haina shida. Kwa kotoni unaita jeli kwa jina. Weka kloridi ya sodiamu badala yake, au iache kabisa. Na bafa za fosfeti ya potasiamu ziondoe kwenye meza yako mpaka kazi iishe. Kwenye spinosum ongeza EDTA ishike kalsiamu. Kwa kotoni EDTA haigusi potasiamu, usiitegemee.

Mashapo ya mwisho usiyakaushe mpaka yapasuke. Yakikauka kupita kiasi hayayeyuki tena kwa bafa yoyote. Yakiwa yanang'aa kidogo, tia bafa.

Kupima: ukiyeyusha kwa SDS bila merkaptoethanoli wala DTT, tumia BCA, kipimo kingine cha protini, inavumilia SDS hadi asilimia 5. Ukiyeyusha kwa urea 7 M na thiourea 2 M, BCA haifai kwa sababu thiourea inachezea shaba yake, hapo rudi kwa Bradford. Na bafa yenye urea usiipashe zaidi ya nyuzi 37, urea ikipata moto inajibandika kwenye protini na spektrometa itaona uzito usio wake.

Kwale_Baharini

Salamu kutoka Kwale. Mimi nafanya upande wa lishe, Ulva (mwani wa kijani) na huu mwani wa Kibuyuni, na ningependa kurekebisha kitu alichosema ndugu wa Tanga. Kjeldahl ni sawa, na nakubaliana naye kwamba anayetaka jumla ya protini hana haja ya kuitoa kwanza. Lakini 6.25 si sawa kwa mwani. Namba hiyo inachukulia kwamba protini ina nitrojeni asilimia 16 na kwamba nitrojeni yote ni ya protini. Mwani unaweka akiba ya naitreti na amonia, una klorofili, una asidi amino huru. Lourenço na wenzake wa Brazili walipima spishi 19 za tropiki mwaka 2002, wastani wao ukawa 4.92. Angell na wenzake wa Australia walikusanya data za dunia nzima mwaka 2016 wakapendekeza 5.

Kwa mwani maskini wa protini kama kotoni tofauti hiyo inauma. Tuseme nitrojeni ni asilimia 0.8 ya uzito mkavu: kwa 6.25 unaandika protini asilimia 5, kwa 5 unaandika asilimia 4. Umeongeza robo nzima kutoka hewani. Mkulima akiambiwa mwani wake una protini nyingi kisha mnunuzi wa chakula cha mifugo akapima asidi amino, nani ataaibika?

Kama kuna bajeti, asidi amino ndizo zitoe hukumu. Zijumlishe, toa molekuli ya maji kwa kila kiungo, hapo ndipo unapojua.

Mkemia_Tanga

Nimekubali hiyo ya 5. Kwa Ulva pia unatumia hiyohiyo?

Kwale_Baharini

Ndiyo, kama sina asidi amino za sampuli yangu. Na nikiwa nazo natumia za kwangu.

Mtoto_wa_Jambiani

Shikamoo Bi Fundi, na ahsanteni wote. Nimefanya jaribio la chembe nyeupe leo asubuhi. Zimeyeyuka kwenye moto, zimerudi kwenye barafu, zikiwa nyembamba zenye kung'aa kama magamba ya dagaa. Nimemwonyesha na msimamizi wangu.

Naomba mnisaidie zaidi. Moja, nitrojeni ya kimiminika. Mbili, kuna utafiti wa Ireland juu ya mwani mwekundu Palmaria palmata, walitumia selulasi na zailanasi kuvunja ukuta, protini zikatoka nyingi zaidi kuliko kwa maji peke yake. Palmaria ni mwekundu na wangu ni mwekundu, je nijaribu vimeng'enya hivyo badala ya fenoli? Nakiri fenoli inanitisha. Tatu, kuna mwalimu ameniambia nitumie sodiamu haidroksaidi kisha nishushe pH protini zianguke, eti ni rahisi na salama.

FundiMaabara

Marahaba mwanangu.

Nitrojeni kwanza. Watafute watu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Mbegu za madume wanazihifadhi kwenye mitungi ya nitrojeni ya kimiminika, na afisa mifugo wa eneo lako atakuelekeza inakojazwa. Ukikosa kabisa, kausha mwani kwa baridi, yaani ugandishe kisha uvute maji kwa ombwe, unasagika vizuri. Na ikishindikana hiyo, laza kinu na mchi kwenye friza usiku kucha, katakata mwani ulioganda, utwange humo humo ndani ya TCA na asetoni baridi na mchanga kidogo wa kwatzi uliooshwa kwa asidi. Asetoni inakausha wakati unatwanga. Inachosha mkono lakini inafanya kazi. Twanga mpaka huoni vipande, kwa sababu seli isiyopasuka haitoi kitu kwa njia yoyote ile.

Vimeng'enya. Palmaria ukuta wake una zailani nyingi, ndiyo maana zailanasi inaupasua. Wekundu wa rangi usikudanganye. Kotoni na spinosum ukuta wao ni galaktani yenye salfeti, zailanasi ikiingia humo haina cha kukata, na selulasi itagusa ile selulosi kidogo iliyopo. Ungehitaji karajinanasi, ya kapa kwa kotoni na ya aiota kwa spinosum, vimeng'enya vya bakteria wa baharini ambavyo kuvipata dukani ni kazi. Halafu fikiria kazi yako yenyewe: kimeng'enya ni protini, kitatokea kwenye jeli yako kama mkanda, na unakiacha kwenye joto saa nyingi, wakati huo vimeng'enya vya mwani mgonjwa na vya bakteria wake vinakula protini unazozitafuta. Kwa anayetaka unga wa protini wa chakula ni njia ya kufikiriwa. Kwa ais-ais hapana.

Sodiamu haidroksaidi vilevile ni njia ya chakula. Protini inatoka, sikatai. Tatizo linaanza unaposhusha pH. Karajinani ina chaji hasi wakati wote kwa sababu ya salfeti zake, na protini ikishuka chini ya pH yake ya kutulia, ile ambayo chaji zake zinalingana, inakuwa chanya. Zinashikana na kuanguka pamoja. Mashapo yatakuwa mengi, utafurahi, ukiyapeleka kwenye jeli utaona ukungu uleule. Na kwa asiyetaka kuharibu protini, kwa mfano anayetaka fikoeritrini, protini ya rangi ya mwani mwekundu, ikiwa bado ya waridi, atumie bafa ya fosfeti ya sodiamu baridi, agandishe na kuyeyusha mara kadhaa, bila moto wala alkali. Hiyo inatoa zile zinazoyeyuka kwenye maji tu.

Fenoli kukutisha ni vizuri, iogope. Fanya kazi kwenye kabati la kuvuta hewa. Glavu nyembamba fenoli inazipita, vaa mbili na uzitupe mara zikiguswa. Ikikudondokea ngozi inakuwa nyeupe na kufa ganzi, ndiyo hatari yake, kwamba haiumi mwanzoni. Osha kwa maji mengi sana papo hapo, na kama maabara ina polietilini glaikoli 400 pangusia hiyo. Usifanye peke yako usiku. Mabaki yake yasiingie kwenye sinki, yana chupa yake.

Sasa lile swali lako la mwanzo ambalo sikulijibu, kama ulinganishe zote tatu. Linganisha, lakini usilinganishe kwa namba ya BCA peke yake. Kila mtu huuliza njia gani imetoa nyingi, na wachache wanauliza njia gani imeacha nini. Kwako hili ndilo la kufa na kupona, na nitakwambia kwa nini. Tawi lenye ais-ais ukuta wake umeshalegea, bakteria wameanza kuula. Njia dhaifu itatoa protini kwa urahisi kutoka kwenye tawi gonjwa na kwa shida kutoka kwenye tawi zima. Utaandika kwamba ugonjwa unaongeza protini, na wala si ugonjwa, ni ukuta.

Kwa hiyo baada ya kutoa, mabaki yaliyobaki chini yaoshe, yakaushe, uyapime nitrojeni kama alivyoeleza yule ndugu wa Kwale, kwa kigezo cha 5. Toa hesabu: kilichokuwemo kwenye unga, kilichotoka, kilichobaki. Tena tia albumini ya ng'ombe kiasi unachokijua kwenye baadhi ya tyubu kabla ya kuanza, uone unairudisha kiasi gani. Ikirudi nusu kwenye tawi zima na yote kwenye tawi gonjwa, umeshajua njia hiyo haikufai hata kama namba zake ni kubwa.

Marudio yawe ya mimea tofauti, kutoka kamba tofauti. Tyubu tatu za unga mmoja zinapima mkono wako.

Kwenye jeli tafuta mkanda mnene karibu na kDa 55 (kDa ni kipimo cha uzito wa protini), hiyo ni Rubisko, kimeng'enya cha usanisinuru, na mikanda ya kDa 17 hadi 20 ambayo ni ya fikoeritrini na ndugu zake. Kwenye tawi jeupe hiyo ya chini itafifia, na hapo utajua jeli yako inasema kweli, kwa sababu weupe wa jicho na weupe wa jeli vimekubaliana.

Bamvua

Mimi si mtu wa maabara, nawasaidia wakulima wa Pemba na baadhi ya Unguja. Naomba niseme juu ya sampuli, maana naona mmeanza na mwani mkavu.

Mwani ulioanikwa juani kwa kazi hii nisingeuchukua. Unakaa juani siku mbili tatu, rangi inapauka, ukinyeshewa na mvua ndiyo kabisa. Mkulima yeyote atakuonyesha maji ya waridi yakitiririka chini ya kichanja baada ya mvua. Kama nimemwelewa Bi Fundi, ile waridi ni protini inayoondoka.

Kachukue mwenyewe wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa vizuri na kamba zinafikika. Chukua mwani wa umri mmoja, uliofungwa siku moja, na uwaulize wenyewe tarehe, wanazijua. Chagua makundi matatu badala ya mawili: mmea mzima usio na doa, tawi jeupe, na tawi linaloonekana zima lakini limetoka kwenye mmea huohuo ulioshikwa. Hilo la tatu ndilo litakalokuambia ugonjwa umefika wapi kabla ya jicho kuona. Sugua uchafu na vinyasi vinavyoota juu yake kwa maji ya bahari safi, siyo maji ya bomba. Beba sanduku la barafu hadi majini, usiliache kwenye gari.

FundiMaabara

Bamvua umenena, na hilo kundi la tatu mwanangu usiliache. Niongeze kidogo tu: baada ya maji ya bahari yaliyochujwa, uchovye mwani mara moja upesi kwenye maji baridi yaliyochemshwa na kukusanywa kwa mvuke, uupanguse kwa karatasi, ugandishe. Upesi. Ukiona maji yamegeuka rangi umechelewa. Hiyo inaondoa chumvi ya juu. Potasiamu ya ndani itapunguzwa na ile methanoli asilimia 80, na inayobaki itakaa na maji upande wa pili wa fenoli.

Mtoto_wa_Jambiani

Nimeandika kila kitu. Makundi matatu, spishi mbili, kamba tofauti. Njia tatu nitazilinganisha kwenye sampuli chache za mwanzo kwa mabaki na albumini kama alivyosema Bi Fundi, kisha TCA na asetoni ikifuatwa na fenoli ndiyo itabeba kazi yote, kama hesabu itakubali. Bamvua, mwezi huu nitashuka Jambiani, mama ameshasema kamba zake zipo na anazijua siku za kufunga.

La mwisho: kusafirisha. Maabara ya nje inasema inapokea mashapo makavu au vipande vya jeli. Kipi bora? Na nichunge nini?

FundiMaabara

Vipande vya jeli. Pitisha sampuli kwenye jeli kwa muda mfupi tu, sentimita moja hivi, protini zote ziwe kwenye mkanda mmoja, upake rangi, ukate. SDS na mabaki ya ute yanaachwa nyuma, na vifaa vyao vinachukia SDS kuliko kitu chochote. Weka vipande kwenye asidi asetiki asilimia 1, kiasi cha kulowesha tu.

Waambie mapema wasitafute kwenye data za mwani peke yake. Jenomu ya Kappaphycus alvarezii imeshasomwa, waitumie, lakini waongeze na za bakteria wa baharini, maana kwenye tawi jeupe sehemu ya protini utakazotuma si za mwani. Wasipoziweka, programu italazimisha kuzifananisha na za mwani, au itazitupa.

Mashapo mengine yaweke akiba hapo kwenu, chini ya asetoni asilimia 80, kwenye friza. Yanakaa vizuri miezi mingi. Usiyatume hivyo, asetoni inashika moto na ndege hawaipokei kirahisi. Na majina ya tyubu andika kwa penseli kwenye kibandiko cha karatasi kisha uzungushie utepe wa plastiki juu yake. Wino wa kalamu ya maabara asetoni inaufuta, na tyubu za makundi matatu zisizo na majina zinafanana zote.